Je, Kusimama Njiani ni Kurudi Nyuma?

Katika usharika wetu hapa Ilomba yuko binti mmoja, ambaye jina lake silitaji, aliyepatwa na ugonjwa wa kujinyima chakula. Alianza kama mtu afungaye, nasi sote tukamsifu. Hata alipokonda mno, ndipo tulipotambua ya kuwa hafungi tena, bali amefungwa.

Akapelekwa hospitali, akarudi nyumbani, akala. Mwezi wa kwanza uzito wake ulipanda, na wa pili vivyo hivyo. Nami nikafanya haraka, nikatangaza ibada ya shukrani. Kisha akasimama. Miezi minne mizani haikusogea, na kila sahani ya ugali ilikuwa vita kama siku ya kwanza. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, “Mchungaji, je, imani yake imepungua?” Swali hilo liliniudhi, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikiliwaza moyoni.

Wako wasemao kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu tu. Sivyo. Mwaka 2007 wataalamu walichapa habari za wanawake wa Moshi, na dalili zake zilionekana hata kwao.

Basi, atakaye kumjibu mzee yule sharti kwanza ajue jinsi mwili uliokaa na njaa unavyotenda. Katika miaka ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapata vijana 36 ambao kwa ajili ya dhamiri walikataa kushika silaha. Wakakubali wenyewe kula kama nusu ya chakula chao kwa majuma 24, ili ijulikane namna ya kuwaponya wenye njaa baada ya vita. Walikuwa wazima wa mwili na wa akili. Lakini njaa iliwafanya kuwaza chakula mchana na usiku, wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga. Na walipoanza kulishwa tena, wale walioongezewa kidogo hawakupata nafuu ila kidogo sana, hata Keys akaona hana budi kuwaongezea. Wengi walikaa miezi mingi kabla ya kurudia hali yao.

Vijana wale hawakuwa na ugonjwa wa binti yetu. Lakini mwili ni mwili. Chakula kilichomnenepesha mwezi wa kwanza, baadaye mwili hukitumia kutia joto na kujenga yaliyobomoka ndani, wala mizani haioni kitu. Kwa hiyo kusimama mara nyingi kwaonyesha kwamba kipimo kile hakitoshi tena.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba mgonjwa hana la kufanya. Binti mwenyewe aliniambia, “Baba Mchungaji, nimepatana na ugonjwa. Mimi nitakula kiasi hiki, nisigombezwe nyumbani, nao usinisumbue.” Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amemwacha Mungu. Alikuwa amechoka, akafanya amani na adui katikati ya njia.

Nabii Eliya alikula mkate chini ya mti, akalala tena. Nimeifundisha sura ile miaka mingi, wala sikuangalia ya kuwa alilala tena. Malaika hakumkemea. Alimletea chakula mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

Tukarudi naye kwa tabibu, akamwongezea kipimo. Sasa hangoji kuona njaa. Hula kwa saa, kama anywaye dawa, na mama yake hukaa naye: uji wa maziwa saa nne, parachichi jioni. Nasi tumeacha kumwuliza uzito wake. Tumeacha pia kumsifu kwamba amenenepa, maana neno hilo, ambalo kwetu ni baraka, kwake lilikuwa mwiba.

Kwaresima ikifika nitamkataza kufunga. Luther naye alipokuwa mtawa alifunga hata akaudhuru mwili wake, na baadaye alililaumu jambo hilo. Enyi wainjilisti wenzangu, mwangalieni yeye asifiwaye kwa kufunga kupita wengine.

Ibada nyingine ya shukrani sijaitangaza. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimwona akimaliza kiazi, akanyosha mkono kuchukua cha pili, akausimamisha, kisha akakichukua. Mama yake akanitazama, nami sikusema neno.