Maneno 24: Je, Kulinda Mali ni Kuificha?



Mswahili akilisikia jina la Ghala, kitu cha kwanza kumjia akilini ni nyumba ya kuwekea mali. Kwa watu wa Muscat ni jina la mtaa tu, upande wa Bausher, wenye karakana za magari, maduka ya vipuri na mabohari. Mimi hupita pale karibu kila wiki wala jina hilo halinishughulishi. Lakini mwezi uliopita lilinirudia kwa maana yake ya kwetu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana, mfukoni nina karatasi yenye maneno 24 ya Kiingereza, na sijui kama niingie au nirudi nyumbani.

Tuanze mwanzo. Mtoto wa dada yangu, anayeishi Uingereza, alinishawishi miaka kadhaa nyuma ninunue Bitcoin kidogo. Sikuandika leo kumshawishi mtu anunue. Bei ya sarafu hizi hupanda na kuporomoka, na wanazuoni wenyewe wanakhitilafiana juu yake. Zangu nilikuwa nimeziacha kwa kampuni ya mtandaoni inayozinunua na kuziuza. Novemba 2022 kampuni kubwa ya FTX ilipoanguka na wateja wake wakabaki mikono mitupu, mimi sikuwa na kitu huko, lakini usingizi ulinipaa. Kijana akanambia, "Mjomba, hizo si zako mpaka ufunguo uwe mkononi mwako." Alipokuja kututembelea akaniletea kidude kidogo kama kijiti cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, chenye kioo na vitufe viwili.

Wengi hudhani kwamba sarafu zinakaa ndani ya kidude hicho. Sivyo. Sarafu zimeandikwa katika daftari la hadharani, linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani kote. Kidude kinaweka ufunguo wa siri tu, na kazi yake ni kutia saini kila unapotaka kutoa, bila ya ufunguo wenyewe kutoka nje na kuonekana na kompyuta au simu yako. Siku ya kwanza kinakuchagulia maneno 24 kutoka orodha ya maneno 2,048. Maneno hayo ndiyo mali. Kidude kikivunjika au kikiibiwa, unanunua kingine, unayaingiza maneno kwa mpangilio wake, na kila kitu kinarudi. Maneno yakipotea pamoja na kidude, hakuna benki ya kwenda kulalamika. Na mtu mwingine akiyaona, hana haja ya kuvunja mlango.

Kwa hivyo masharti yake ni makali, na nayataja kwa faida ya wenye vidude hivi. Kinunue kwa mtengenezaji mwenyewe au muuzaji anayemtambua, usinunue kilichotumika. Ukikuta maneno tayari yameandikwa ndani ya boksi, huo ni mtego: maneno lazima yachaguliwe na kidude mbele ya macho yako. Yaandike kwa kalamu, usiyapige picha, usiyatie katika simu wala barua pepe. Weka namba ya siri isiyokuwa mwaka wako wa kuzaliwa. Kabla ya kuhamisha mali yote, tuma kiasi kidogo, kifute kidude, kisha ukirejeshe kwa maneno yako uone kama uliyaandika sawasawa. Na yeyote atakayekupigia simu au kukuandikia akiyataka maneno hayo, ni mwizi, hata akijitambulisha kwa jina la kampuni. Mwaka 2020 majina na anwani za nyumbani za wateja wapatao 272,000 wa kampuni ya Ledger yalivuja. Baadhi yao waliletewa barua za uongo, na wengine vidude vya uongo, mpaka mlangoni.

Masharti yote haya ukiyakamua yanabaki na sharti moja: usimwamini mtu. Na hapo ndipo nilipokwama pale Ghala.

Karatasi na maji haviishi nyumba moja, na sisi tuliokuwapo Muscat Juni 2007, kimbunga Gonu kilipotugeuzia mabonde kuwa mito, hatuhitaji kufundishwa hilo. Niliona bora maneno niyagonge juu ya kibati cha chuma kisichoshika kutu. Fundi wangu, mtu wa Kerala aliyekaa hapa muda mrefu kuliko mimi, ana vijichuma vya kugongea herufi. Nilipomweleza, alinyoosha mkono: niachie karatasi, rudi jioni. Mkono wangu ukabaki mfukoni. Mtu huyu kwa miaka mingi nimemwachia gari langu na ufunguo wake, na ndani yake karatasi zangu zote. Nikambabaikia, nikamwomba aniazime vyuma nikagonge mwenyewe nyumbani. Akavifunga katika kitambaa akanipa. Hakutaka rahani wala hakuniuliza nitavirudisha lini.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeona haya. Yeye aliniamini kwa zana za riziki yake, nami nilishindwa kumwonyesha karatasi.

Nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa na sanduku la Kizanzibari, la njumu za shaba, lenye saraka ya siri ambayo sisi wajukuu hatukuijua. Mwaka 1964 alipoondoka Unguja hakuweza kulichukua. Alimwachia jirani yake wa Ng'ambo, na akamwonyesha hiyo saraka. Zaidi ya miaka 10 baadaye mama yangu alikwenda, akakuta bangili zote zipo, zimefungwa katika kipande kile kile cha kanga. Siri ya saraka isingeziokoa bangili zile. Zilimtegemea mwanamke mmoja aliyejua zilipo na asiziguse.

Lakini nisiseme nusu ya kweli. Wapo pia walioacha amana zao kwa watu wakaja kukuta ukuta mtupu, na sote tunazijua nyumba hizo. Kanada, kampuni ya QuadrigaCX iliporomoka baada ya kutangazwa kwamba mkuu wake, Gerald Cotten, alifariki India Desemba 2018 na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na funguo. Mwaka 2020 wachunguzi wa serikali wakaeleza kwamba sehemu kubwa ya fedha za watu alikuwa ameshazipoteza mwenyewe. Upande wa pili yupo James Howells wa Newport, Wales, ambaye hakumpa mtu funguo zake. Mwaka 2013 diski yenye ufunguo wa Bitcoin takriban 8,000 ilitupwa jaani, na Januari 2025 mahakama ikaikataa kesi yake ya kutaka kuichimba. Wateja wa Cotten waliamini kupita kiasi, na Howells alikuwa na ghala lisilokuwa na mlinzi wa pili. Wote wamekosa.

Basi suali langu ni hili: mtu anayeificha mali hata mkewe na watoto wasiijue, ameilinda au amewadhulumu? Mirathi haigawiwi kwa kitu kisichojulikana, na deni halilipwi kwa maneno yaliyozikwa na mwenyewe. Nadhani kosa letu ni kuchanganya mambo mawili. Kujua kwamba kitu kipo ni jambo moja, na kuwa na uwezo wa kukifungua ni jambo jingine. La kwanza ni haki ya watu wako. La pili ndilo la kutahadhari nalo.

Wenzetu wa vikundi vya kuweka na kukopa huko Tanzania wamelijua hili zamani. Sanduku lao lina kufuli 3, funguo ziko kwa watu 3, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa 4. Hakuna aliyetukanwa kwa kuwekewa kufuli. Hata sarafu hizi zinaweza kupangwa hivyo, ufunguo mmoja usitoshe, ila watu 2 kati ya 3 wakubaliane. Kuyakata maneno nusu kwa nusu si dawa, maana nusu moja ikipotea zimepotea zote.

Mimi mali yangu ni ndogo, haikuhitaji watu 3. Niligonga herufi 4 za mwanzo za kila neno, maana katika orodha ya Kiingereza hizo zinatosha kulitambua. Orodha zipo za Kijapani, Kifaransa na hata Kicheki, Kiswahili hakimo. Kisha nikaandika barua ya kuelekeza la kufanya, bila ya maneno yenyewe ndani yake, nikakaa na mke wangu nikamweleza yote na kumwonyesha kibati kilipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na miaka yote hii ungekufa?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Vyuma nilivirudisha Ghala siku ya pili yake. Fundi alivipokea bila ya kuvihesabu. Nanyi wenzangu mlioko Toronto, London, Dubai na kwingineko, kama mnazo siri za namna hii, jiulizeni usiku wa leo nani mwingine anajua kwamba zipo. Na mkiwa na njia bora kuliko yangu, tuandikieni, tufaidike sote.