Njia Nayo Huleta Nia

"Penye nia pana njia." Methali hiyo niliiandika ubaoni mwanzoni mwa kila muhula, miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Wanachuo waliinakili, nami niliwafafanulia kwamba moyo hutaka kwanza, ndipo mguu ufuate. Leo, nikiwa na umri wa miaka 74, najiuliza kama sikufundisha nusu tu ya ukweli.

Miaka miwili iliyopita daktari alinipima akakuta shinikizo la damu limepanda. Alinipa vidonge, akaniagiza nitembee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Hesabu yake ni nyepesi: nusu saa kwa siku, siku tano. Nia nilikuwa nayo, na faida niliijua. Hata hivyo, wiki ya tatu nilikuwa nimekwisha rudi kwenye kiti changu cha barazani. Mara mvua, mara goti, mara wageni.

Aliyeninyanyua ni mjukuu wangu. Alinijazia simu hadithi zilizosomwa kwa sauti pamoja na vipindi vya historia, akanipa na visikilizio vya masikioni. Nikajiwekea sharti: hadithi ni ya njiani tu, nikirudi nyumbani, naizima hata kama imefika patamu. Basi, ndugu msomaji, nilianza kuamka mapema kuliko jogoo. Mtu aliyelala bila kujua mwisho wa kisa hangoji kusukumwa.

Asubuhi moja mke wangu alinitazama nikifunga viatu, akaniuliza, "Baba Neema, hivi wewe unafuata afya au unafuata hadithi?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinichoma, kwa sababu lilinikumbusha kijana mmoja.

Mwaka 1994 tulikuwa na mwanachuo aliyefyeka nyasi vizuri kuliko wenzake, ila sharti redio yake ndogo iwe inalia pembeni. Nilimkataza. Bila redio akawa mzito, fyekeo likawa linapiga hewa. Mwisho wa mwaka niliandika katika taarifa yake ya tabia: "Hana moyo wa kujituma. Hufanya kazi kwa kubembelezwa." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri. Sijui maneno yale yalimfuata mpaka wapi. Ninachojua ni kwamba sasa anayebembelezwa kila asubuhi ni mimi.

Je, nilimwonea? Wapo wa kunitetea. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, aliyeishi kati ya mwaka 1724 na 1804, alifundisha kuwa tendo hupata thamani ya kimaadili linapotendwa kwa ajili ya wajibu, si kwa kuwa linatupendeza. Kwa kipimo hicho, kijana yule hakustahili sifa, wala mimi sistahili. Lakini Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona upande mwingine: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu, kama vile mwashi anavyokuwa mwashi kwa kujenga. Tendo hutangulia, tabia hufuata. Mwalimu wa darasa la kwanza hapati taabu kumwelewa. Yeye hamhubirii mtoto wajibu wa kuhesabu. Humwimbisha namba mpaka zikae.

Tena mimi mwenyewe nilisahau jambo lililokuwa mbele ya macho yangu. Kila alfajiri wanachuo wetu walikimbia mchakamchaka, na walikimbia wakiimba. Bila wimbo, nusu yao wangeishia njiani. Wimbo wa wote niliuita nidhamu. Redio ya mmoja nikaiita uvivu.

Hata hivyo, sitaki kujisamehe kwa urahisi mno. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Katherine Milkman, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu waliopewa riwaya za kusisimua za kusikiliza, wazipate katika ukumbi wa mazoezi tu, mwanzoni walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao. Baada ya mapumziko ya sikukuu, tofauti ile ilififia. Kumbe asali huweza kumwanzisha mtu, lakini kumdumisha ni shauri lingine.

Zamu yangu ya kupimwa ilifika. Umeme ulikatika usiku kucha, simu ikazimika. Nilifika kwenye mwembe wa kona nikasimama, mguu mmoja ukitaka kurudi. Nikaendelea, shingo upande. Mbele kidogo mama muuza maandazi akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akacheka, akasema, "Afadhali leo umesikia. Kila siku nakuamkia, unanipita tu."

Niliona haya. Nilikuwa nimeulinda moyo wangu na maradhi huku nikiwanyima jirani zangu salamu. Siku hizi siku mbili katika wiki natembea masikio wazi, na siku zilizobaki naacha sikio moja kwa ajili ya watu. Bado naipenda hadithi, wala sioni aibu kusema ndiyo iliyoniamsha. Lakini sasa ikikosekana, miguu inaijua njia.

Kama ningeipata ile taarifa ya mwaka 1994, ningekata sentensi zangu mbili kwa wino mwekundu, nikaandika: "Kijana huyu amegundua namna ya kujianzisha. Asaidiwe kuendelea redio inapozimika." Hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yangu, nami sikuyafanya.