Muulizaji Asichekwe

 Ndugu zangu Waislamu, nawausia, na naiusia nafsi yangu kwanza, tumche Allah msikitini na sokoni.

Sikilizeni kisa cha kijana aliyechekwa kwa kuuliza. Mwaka 1963, Magamba Sekondari kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu, akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake yangali ya moto. Mwenzake akaingiza yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado. Alimuuliza mwalimu kwa nini ya moto yametangulia kuganda, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akageuzwa mzaha.

Kisha akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam. Kijana akauliza mbele ya watu, wenzake wakacheka. Osborne naye alidhani kijana kakosea, lakini aliahidi kujaribu na ahadi akaitimiza. Fundi wake wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Tazameni hapo: jicho limeona, moyo umekataa. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala, na jambo lile likabeba jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuliona. Wengine wangali wanalitetea. Mpemba hakuvunjiwa heshima kwa hilo. Elimu huenda mbele kwa kupimwa tena na tena, na anayepima asitazame cheo cha msemaji.

Sisi hatukufundishwa haya na wageni. Mtume wetu (s.a.w.) aliwapita watu wa Madina wakichavusha mitende, akasema haoni kama kuna faida. Wakaacha, mavuno yakapungua. Alipoambiwa, akawaeleza kuwa ile ilikuwa rai yake tu, na kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Imo katika Sahih Muslim. Ikiwa mbora wa viumbe aliyaacha mavuno yaseme, mimi na wewe tuna kiburi cha nini?

Wapo wanaosema mwanadamu haendelei, anabadilisha vyombo tu. Nawapinga. Ndui iliua na kupofusha watu wa pwani hii kwa vizazi. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa imesalimika nayo. Vijana waliozaliwa baada ya hapo hawana kovu la chanjo yake begani, kwa sababu hawakuihitaji tena. Hiyo ni rehema ya Allah iliyopita katika mikono ya watu waliokuwa wakihesabu wagonjwa mtaa kwa mtaa.

Sasa tutoke hapa nje. Kutoka Soko la Karume mpaka Kariakoo, kipaza sauti kinaimba chupa moja inayotibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Muuzaji anakutajia waliopona. Muulize na wasiopona: wangapi, na wako wapi? Asiyewahesabu hao hana anachokijua, hata akianza na bismillahi. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na wewe unayesambaza ujumbe wa dawa kwenye simu, amri hiyo inakuhusu.

Walimu wa madrasa, mtoto akiuliza jambo gumu, msimkaripie. Mwambieni tutalitafuta, kisha mlitafute kweli. Na wazee wetu mlioacha vidonge vya presha kwa ajili ya ile chupa, nawaomba kwa jina la Allah: Jumatatu asubuhi mwende mkapime, na mumweleze daktari mlichokuwa mkinywa, bila kumficha.