Je, Kujua Hesabu Bila Kuhesabu ni Kujua?

Bangili ya shaba nyekundu tupu aivaayo mama wa Kigogo hapa Dodoma, ikiwa na uzito wa gramu 63.5, ina elektroni kadiri ya 17 na sifuri 24 nyuma yake. Nani amezihesabu? Hakuna. Wataalamu hupima uzito, hupata idadi ya atomu, huizidisha kwa 29, maana ndizo elektroni za kila atomu ya shaba. Umeme wake wote wafika kulombu milioni 2.8, wala mkono haudhuriki, kwa kuwa protoni zina umeme wa kinyume ulio sawasawa. Basi, twajua, au twasadiki tu? Mwuza uwele naye hahesabu punje. Hupima, nasi twalipa. Sisi twaona ni kujua, maadamu mizani haina hila; ikiwa nayo, hesabu yote ni uongo, hata tukizidisha sawasawa.