Chema Chajiuza?

Wahenga wa pwani walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na katika miji ya zama zao neno hilo lilikuwa na insafu, kwa kuwa seremala aliyechonga mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe hakuhitaji mpiga mbiu: mlango ulisimama njiani usiku na mchana, na kila aliyepita kwenda sokoni au msikitini aliuona akauliza fundi wake ni nani. Walakini msanifu wa michoro wa leo, ambaye karakana yake ni kompyuta katika chumba cha kupanga huko Sinza, na ambaye nembo na kadi zake za harusi hazikai njiani, akinyamaza kazi yake hufia ndani ya faili. Hana budi kuitembeza Instagram, na katika stetasi za WhatsApp, na katika Behance, ambako wasanifu wa dunia nzima huonyeshana kazi zao. Je, kujinadi huku si ria?

Imamu Ghazali, katika Ihya Ulumiddin, alikitenga kitabu cha 28 kati ya 40 kwa ajili ya kupenda jaha na ria, na mtu angedhani kwamba mwanachuoni aliyekiacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, kwa kuihofia nafsi yake, angelipiga marufuku jambo hili lote. Hakufanya hivyo. Alipambanua kwamba kutafuta heshima ya watu kwa sala, saumu au sadaka ni haramu, maana ibada ni haki ya Mungu peke yake. Ama kuitafuta kwa jambo lisilo ibada, hukumu yake ni kama ya kutafuta mali, hujuzu maadamu hamna hadaa. Nabii Yusufu mwenyewe alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akautaja kwa kinywa chake uaminifu wake na elimu yake. Mkristo naye, ambaye hotuba moja ya mlimani yamwamuru asiifunike taa yake wala asitoe sadaka kwa kupiga tarumbeta, akitazama vyema ataona mpaka umepita mahali pale pale. Na kama kutia jina juu ya kazi ni kiburi, basi akina mama wa Mombasa wamejitanda kiburi miaka mingi, kwani khanga za Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kama Abdulla na aliyeanza biashara yake mwaka 1887, huandikwa "Mali ya Abdulla".

Basi tusimtafutie msanifu dhambi mahali isipokuwapo. Ilipo ni katika mokapu. Kijana huchora nembo ya mkahawa usiku, akapakua picha iliyotengenezwa tayari, akaibandika nembo yake humo, na kabla chai yake haijapoa pana duka lenye kibao juu ya mlango, vikombe vya karatasi na aproni ya mhudumu, ilhali duka hilo halipo duniani na mwenye duka hakuzaliwa. Kwa mazoezi, hilo ni jambo jema. Lakini chini ya picha huandika: "Tunamshukuru mteja wetu kwa kutuamini." Mwingine huichukua nembo ya benki mashuhuri, akaisanifu upya kwa hiari yake, akaiweka hadharani kwa namna ambayo atazamaye hana budi kudhani kwamba benki ilimwajiri, kisha hununua wafuasi, ili uwongo uwe na mashahidi. Mtume alipopita sokoni Madina alitia mkono katika chungu ya nafaka akakuta unyevu ndani yake. Muuzaji alipojitetea kwa mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona.

Wako wasemao kwamba madhara makubwa zaidi ni moyo kutundikwa kwenye idadi ya waliopenda picha. Nakubali kwamba ni maradhi, lakini hayo ni baina ya mja na Mola wake, wala mteja hakudhulumika kwayo. Mteja hudhulumiwa na maelezo ya uwongo, na dawa yake ni nyepesi mno. Ewe msanifu, jinadi upendavyo, ila chini ya kazi isiyoagizwa na mtu andika: "Kazi ya mazoezi", na aliyeitengeneza picha uliyoipakua mtaje.