Gari la Kale Lililobadilishwa na Haki ya Kusamehewa Ukaguzi

Kila sheria ya barabara inayolazimisha magari yakaguliwe breki, usukani, taa na fremu hulazimika pia kueleza ni magari gani yasamehewe ukaguzi huo, na katika maelezo hayo limejificha swali ambalo wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi: kitu kilichobadilishwa sehemu zake huendelea kuwa kile kile hadi kiasi gani, na mwenye kukibadilisha hubeba deni gani mbele ya watu atakaopishana nao njiani?

Nchini Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 huweza kutembea bila ukaguzi wa kila mwaka mradi halikufanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyotangulia, na kwa mabadiliko makubwa hukusudiwa yale yanayogusa fremu, injini, ekseli, au namna ya usukani na springi zake. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la mwaka 2014, huruhusu msamaha kwa gari la kihistoria, yaani lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lisilotengenezwa tena kiwandani, na lililotunzwa katika hali yake ya asili. Msingi wa kanuni hizo ni ushahidi. Gari lililotembea miaka mingi likiwa kama lilivyotoka kiwandani lina mashahidi wawili, aliyelitengeneza na miaka yenyewe. Mara fundi anapokata chuma na kukiunga upya, mashahidi hao hunyamaza kuhusu sehemu ile aliyoigusa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyeiona.

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotenganishwa na kilomita zipatazo 50 za Barabara ya Taifa Namba 2, swali hili halihusu matajiri wenye kukusanya magari ya fahari. Gari huzeeka huko kwa sababu bado linahitajika kubeba viazi, mbao na abiria, na hubadilishwa kwa sababu kipuri chake cha asili hakipatikani au bei yake haifikiki. Zaidi ya hapo, magari mengi yanayoingia kupitia mpaka wa Kasindi, baada ya kushushwa Mombasa na kuvuka Uganda, yalitengenezwa kwa nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto, ilhali Kongo huendesha upande wa kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia anayetaka kulipita lori hulazimika kulitokeza gari lake karibu zima kabla ya kuona kinachokuja mbele. Fundi anayehamisha usukani kwenda kushoto hutibu hatari ya kweli, na kazi yake inastahili heshima.

Kazi hiyo yenyewe, hata hivyo, huonyesha kwa nini heshima haitoshi kuwa msamaha. Ili usukani uhame, nguzo yake hung'olewa, boksi lake hupelekwa upande wa pili wa fremu, pedali na pampu ya breki hufuata, matundu ya zamani huzibwa na mapya hutobolewa, na mara nyingi fimbo inayoshika magurudumu hukatwa na kulehemiwa. Mshono wa kulehemu unaweza kuwa laini na kupakwa rangi vizuri ilhali ndani yake mna ufa ambao jicho halioni, na ufa huo hungoja mteremko. Taa nazo, zikisahauliwa, huendelea kuinua mwanga wake upande wa kushoto kama zilivyoundwa, na upande huo katika Kongo ndiko anakotokea mwenye pikipiki anayekuja.

Fumbo la merikebu ya Theseus, ambalo Plutarko aliliandika kuhusu chombo kilichobadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine, husaidia hapa kwa sehemu tu. Thomas Hobbes aliliongezea ugumu mwaka 1655 alipouliza ingekuwaje mtu angezikusanya mbao zilizotolewa na kuunda merikebu ya pili; na jambo hilo si la kubuni kwa mtu anayejua gereji, ambako injini ya gari moja, gia ya la pili na ekseli ya la tatu huungana chini ya namba moja ya usajili. Karani anaweza kuamua kwamba gari hilo ni lile lile, na kwa kodi na umiliki uamuzi wake ukatosha. Lakini mama anayevuka barabara hadaiwi kujua gari ni lipi. Anachostahili ni kwamba lisimame likiambiwa lisimame. Haki yake haitokani na utambulisho wa gari, na kwa hiyo hakuna hoja ya utambulisho inayoweza kuifuta.

Dini zinazoaminiwa katika miji hiyo zimeliona jambo hili mapema. Sheria ya Musa, katika sura ya 21 ya Kitabu cha Kutoka, hutofautisha ng'ombe aliyepiga pembe kwa mara ya kwanza na yule ambaye mwenyewe alikwisha kuonywa juu yake. Sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati humtaka mjenzi aweke ukingo juu ya dari kabla mtu hajaanguka. Nao wanazuoni wa Kiislamu hushikilia kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Katika zote, ujuzi wa hatari huongeza wajibu, na aliyehamisha usukani anajua alichokigusa.

Patakuwa na pingamizi kwamba ukaguzi humwadhibu maskini kwa ubunifu alioulazimishwa na umaskini. Pingamizi hilo ni zito pale ukaguzi unapokuwa ada na karatasi, kwa kuwa cheti kilichotolewa bila breki kuguswa ni ushahidi wa uongo, nacho hakimlindi yeyote. Ukaguzi wa kweli humpa fundi kile ambacho msamaha haumpi: shahidi wa tatu, anayeweza kusema kwamba mshono umeonekana na umeshika. Anayeustahili kuliko wote ni mnunuzi wa pili, ambaye hulikuta gari limepakwa rangi upya na hajui lilikatwa wapi. Kwake onyo halijafika, na litafika tu iwapo badiliko limeandikwa katika hati za gari, pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe, kabla funguo hazijabadili mikono.