Chumba cha Siri Ndani ya Nyumba ya Shitingi



Somo letu ni Mathayo 6:5-6, pale Bwana anapotuagiza kuingia chumbani na kufunga mlango tunapoomba. Wengi wetu tunauliza: chumba kipi? Chini ya shitingi, jirani akikohoa unamsikia. Mjini nako familia nzima inalala chumba kimoja.

Tuungame jambo. Tulipokuwa bado kambini, jirani yetu alikuwa mzee wa kanisa. Usiku tukisikia yuko macho, sauti yetu ilipanda, na maombi yakafika saa nzima. Alipohamishwa, maombi yetu yakawa ya dakika tano. Hapo tukajua tulikuwa tukimwomba nani.

Lakini tusidhani kwamba dawa ni kunong'ona tu. Danieli, aliyeishi mbali na kwao kama sisi, aliomba madirisha yakiwa wazi (Danieli 6:10), kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hana naye aliomba hekaluni mbele ya kuhani, midomo ikicheza bila sauti, mpaka akadhaniwa amelewa (1 Samweli 1). Alikuwa na shida yake mbele za Mungu. Alitaka mtoto, akasema mtoto.

Hapa ndipo penye ugumu kwetu. Tunafunga siku tatu, tunasema tunaombea uamsho, kumbe moyoni tunaombea jina letu litoke kwenye orodha ya kwenda Marekani au Kanada. Ndugu, kuomba safari si dhambi. Tunaokosea ni pale tunapoifunika safari kwa blanketi la uamsho, kana kwamba Baba haoni kilicho chini. Mwambie wazi: Baba, nimechoka kungoja mahojiano, watoto wanakua. Maombi hayo ni mafupi, ila ni ya kweli.

Nchi hii tunayokaa ina ushuhuda wake. Huko Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mwaka 1935, Blasio Kigozi, Mganda aliyefundisha wainjilisti, aliona huduma yake imepoa. Akajitenga nyumbani mwake juma zima akifunga na kuomba. Bila shaka watu walijua mlango wake umefungwa. Mahali padogo hapafichi kitu. Alipotoka, hakutoka na hesabu ya siku alizokaa na njaa. Alitoka akiomba msamaha kwa watu aliowakosea. Januari 1936 alifariki, lakini uamsho wa Gahini ulikwisha kuanza kuenea Afrika Mashariki. Sisi wachungaji tunapenda kuhubiri lile juma la kufunga, ile sehemu ya kuomba radhi tunaipitia haraka.

Kwa hiyo tumekubaliana na wazee: daftari la majina ya wanaofunga Ijumaa, ambalo sisi wenyewe tulilianzisha, halitaandikwa tena, wala majina hayatasomwa ibadani. Mwenye kufunga afunge. Mama anayenyonyesha na mwenye dawa za kila siku wale chakula chao bila aibu. Na kama kuna mtu tulimwaibisha kwa daftari lile, tunaomba atusamehe. Tutapita pia nyumba kwa nyumba juma hili.